Vuk Karadžić na Nyumba ya Magogo ya Tršić

Tršić ni kijiji cha magharibi mwa Serbia, kilomita chache kutoka mji wa Loznica na si mbali na mto Drina, ambao leo ni mpaka baina ya Serbia na Bosnia. Jina lake huwatatiza wageni kulitamka, kwa kuwa silabi ya kwanza haina irabu. Sauti r ndiyo inayoibeba silabi hiyo, kama vile m inavyobeba silabi katika neno la Kiswahili mtu. Anayezuru mahali hapo hufuata kijito, kisha hupanda mteremko wa nyasi na miti ya matunda mpaka afike kwenye nyumba ya magogo iliyosimama juu ya msingi wa mawe. Paa lake la vibao lina mwinuko mkali, ili theluji isipate kukaa. Ndani mna vyumba viwili. Katika cha kwanza mna meko, na juu yake chungu cha chuma kimetundikwa kwa mnyororo. Kando yake pana meza fupi ya kulia na vigoda. Katika cha pili mna kitanda na gusle, yaani zeze la uzi mmoja ambalo waimbaji wa Balkani walilipiga huku wakisimulia tenzi za mashujaa. Nje kuna vibanda vya kazi za shamba, kikiwamo cha kuhifadhia maziwa na ghala la mahindi. Hapo ndipo nyumbani kwa Vuk Stefanović Karadžić, mtunga kamusi, mkusanyaji wa fasihi simulizi na mwasisi wa alfabeti ambayo Waserbia wanaitumia hadi leo.

Hata hivyo nyumba inayoonekana siyo aliyozaliwa. Ile ya asili iliteketezwa kwa moto katika vita vya mwanzoni mwa karne ya 19, na hii ya sasa ilijengwa mwaka 1933, karibu miaka 70 baada ya kufa kwake, mahali pale pale palipokuwa na ile ya zamani. Vitu vyake vingi vya binafsi haviko hapo. Vinatunzwa Belgrade, katika jumba la makumbusho lenye jina lake na la Dositej Obradović, mwandishi aliyemtangulia. Mgeni wa Tršić basi huoneshwa nyumba ya mkulima wa zama zile, iliyopangwa upya na watu waliojua ni vyombo gani vilistahili kuwamo. Na anayetaka kujua vyombo hivyo viliitwaje, vilitumikaje, na nani alikuwa na haki ya kukaa wapi karibu na meko, chanzo chake bora si nyumba bali ni kamusi aliyoichapisha Vuk mwaka 1818 katika mji wa Vienna, mbali na kijiji hicho.

Alizaliwa mwaka 1787, wakati Serbia ilipokuwa chini ya dola ya Kituruki ya Uthmaniya. Wazazi wake, Stefan na Jegda, walikuwa wamekwisha kuzika watoto kadhaa kabla yake. Huyu alipopatikana wakamwita Vuk, maana yake mbwa mwitu, kwa imani kwamba wachawi waliowala watoto wachanga wasingethubutu kumgusa mwenye jina la mnyama huyo. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatashangazwa na desturi hiyo. Majina kama Tabu, Shida na Mashaka nayo yana visa vyake. Kinachovutia ni kwamba Vuk aliielezea desturi hiyo ndani ya kamusi yake, chini ya kidahizo cha neno lenyewe, na akataja palepale kuwa ndiyo sababu na yeye akapewa jina hilo. Ni nadra mtunga kamusi kujiweka ndani ya fasili, na ni nadra zaidi fasili hiyo kuwa bora kwa sababu yake.

Familia yake ilikuwa ya wafugaji waliohamia kutoka Drobnjak, sehemu ya milima ambayo leo imo Montenegro. Walihama na lahaja yao, na jambo hilo litakuja kuwa na uzito mkubwa baadaye. Kusoma alifundishwa na jamaa yake, Jevta Savić Čotrić, ambaye katika eneo lile zima alikuwa karibu peke yake aliyejua kuandika. Vitabu havikuwapo, karatasi haikuwapo, wino haukuwapo. Mtoto alitumia bua lililochongwa kuwa kalamu, akachovya katika baruti iliyochanganywa na maji, akaandika juu ya karatasi za kufungia risasi.

Neno hilo baruti linastahili kusimamiwa kidogo. Kwa Kiserbia ni barut. Waserbia walilipata kwa Waturuki, Waswahili wakalipata kwa njia za Bahari ya Hindi, nalo likakaa katika lugha zote mbili kana kwamba limezaliwa humo. Hali ni hiyo hiyo kwa sanduk na sanduku, kwa dućan na duka, na kwa sahat na saa, ambayo asili yake ni Kiarabu. Vuk aliyaingiza maneno ya aina hii katika kamusi bila kuona haya. Aliyoyahesabu kuwa ya Kituruki aliyatia alama ya nyota, basi. Hakuyafukuza wala hakuyabunia mbadala. Mizani yake ilikuwa moja: je, mwanakijiji analitumia neno hili? Wapo watunga kamusi wa baadaye, na si wa Serbia peke yao, ambao wangefaidika kwa kukaa darasani kwake siku moja.

Baba yake alimpeleka akasome katika monasteri ya Tronoša iliyo jirani. Huko watawa walimtuma kuchunga mifugo badala ya kumfundisha, na baba alipogundua hivyo akamrudisha nyumbani, akachunge mbuzi wake mwenyewe. Mwaka 1804 maasi ya Waserbia dhidi ya utawala wa Kituruki yakalipuka, na kijana aliyejua kuandika akawa mali adimu. Vuk akawa karani wa mmoja wa viongozi wa wapiganaji wa msituni. Baadaye alivuka kwenda upande wa milki ya Austria kutafuta elimu; katika mji wa Sremski Karlovci hakupokewa katika shule ya sekondari kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 19, mkubwa kupita wanafunzi wengine. Alijifunza Kijerumani na Kilatini kwa miezi michache huko Petrinja, akarudi Serbia, akaingia katika shule ya juu iliyofunguliwa Belgrade mwaka 1808.

Hakukaa sana. Ugonjwa wa viungo ulimshika, akahangaika kutafuta tiba mpaka Novi Sad na Pest, na mguu wake wa kushoto ukabaki umejikunja gotini maisha yake yote. Tangu hapo alitembea kwa kuegemea gongo la mti. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba gongo hilo lilimwokoa: asiyeweza kupanda farasi wala kukimbia vitani hana budi kukaa na kitabu. Huenda alisema hivyo kujifariji. Lakini ni kweli kwamba wengi wa rika lake waliokuwa na miguu mizima hawakuuona mwaka 1814.

Mwaka 1813 maasi yalishindwa. Vuk akakimbilia Vienna pamoja na wakimbizi wengine, na huko maandishi yake yakafika kwenye meza ya Jernej Kopitar, Mslovenia aliyekuwa mkaguzi wa serikali wa vitabu vya Kislavoni. Kazi ya mkaguzi ni kuzuia. Huyu alifanya kinyume. Kopitar alikuwa mwanaisimu mahiri aliyekuwa akimtafuta kwa miaka mtu wa aina hii, yaani Mserbia anayeandika kama mkulima anavyozungumza, si kwa sababu ya mtindo bali kwa kuwa hajui namna nyingine. Alimhimiza afanye mambo matatu: akusanye nyimbo za watu, atunge sarufi, na atunge kamusi. Mwaka 1814 Vuk alitoa diwani ndogo ya nyimbo na sarufi fupi, zote mbili kwa mkupuo. Zilikuwa na makosa mengi, lakini hakuna aliyemtangulia katika njia hiyo.

Ili kuelewa kwa nini vijitabu hivyo vilizua vita, inafaa kujua hali ya lugha ya Waserbia wakati ule. Waliosoma waliandika kwa lugha iliyoitwa Kislavoni-Kiserbia, mchanganyiko wa lugha ya ibada iliyoletwa kutoka Urusi na vipande vya lugha ya nyumbani. Kila mwandishi alikuwa na kipimo chake cha mchanganyiko, na hakuna mama aliyembembeleza mtoto kwa lugha hiyo. Alfabeti nayo ilirithiwa kutoka vitabu vya kanisa: ilikuwa na herufi zisizowakilisha sauti yoyote ya Kiserbia, na sauti za Kiserbia zisizokuwa na herufi. Mtu aliweza kusoma miaka kumi na bado asijue aandikeje neno alilolisema jana sokoni.

Vuk alichukua kanuni iliyokuwa imetolewa na Mjerumani Johann Christoph Adelung, ya kwamba watu waandike jinsi wanavyosema na wasome jinsi ilivyoandikwa, akaitekeleza kwa ukali ambao Adelung mwenyewe asingeuthubutu katika Kijerumani. Kila sauti ipate herufi moja, na kila herufi iwe na sauti moja. Herufi zisizo na kazi akazitupa. Kwa sauti ile ambayo Waswahili huiandika ny aliunganisha herufi ya n na alama ya ulaini ya Kisirili, ikazaliwa њ. Kwa l laini akafanya vivyo hivyo, ikazaliwa љ. Herufi ya ђ ilichorwa na rafiki yake Lukijan Mušicki. Nyingine alizipata katika miswada ya zamani. Jumla zikawa 30. Kiswahili, kwa kulinganisha, kimeridhika na herufi mbili kwa sauti moja katika sh, ny, dh na gh, na kwa ng' kimelazimika kuongeza hata kibainishi, alama ambayo kila mwalimu anajua jinsi inavyopotea katika daftari za wanafunzi. Vuk asingeivumilia hata siku moja.

Herufi iliyomgharimu zaidi ni j. Aliitoa katika alfabeti ya Kilatini ili kuwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika y. Kwa mwanaisimu ni suluhisho la kawaida. Kwa viongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi ilikuwa hatari: Waserbia wa Austria walikuwa wakiishi chini ya mfalme Mkatoliki, na herufi ya Kilatini katikati ya maandishi yao ya Kisirili ilionekana kuwa mlango wa kuwageuza dini. Askofu Mkuu Stefan Stratimirović akawa mpinzani wake mkubwa. Vuk alituhumiwa kuwa kibaraka wa Wakatoliki, na ukweli kwamba mlezi wake Kopitar alikuwa Mkatoliki na mtumishi wa serikali ya Austria haukumsaidia. Inafaa kuwatendea haki wapinzani hao. Hofu yao haikuwa upuuzi. Watu wasiokuwa na dola yao hushikilia alama walizonazo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba alama hiyo ni herufi, na si lugha.

Kamusi ilitoka mwaka 1818, ikachapwa katika mtambo wa monasteri ya Waarmenia mjini Vienna. Ilikuwa na maneno 26,270, kila moja likifuatwa na maana kwa Kijerumani na Kilatini, kazi ambayo Kopitar aliisaidia sana. Lakini nguvu yake haiko katika hesabu. Pale ambapo neno moja la Kijerumani halikutosha, Vuk aliandika aya nzima kwa Kiserbia. Chini ya neno dodole alieleza jinsi wasichana walivyopita nyumba kwa nyumba wakati wa ukame wakiomba mvua, mmoja wao akiwa amevikwa majani na nyasi tupu na kumwagiwa maji kila mlangoni. Chini ya neno otmica alieleza desturi ya kuteka bibi harusi kwa nguvu, pamoja na matata yaliyofuata. Humo mna vyombo vya meko, sehemu za jembe, ada za arusi, hofu za usiku, michezo ya watoto. Hakusafiri na karatasi kwenda kuwahoji wanakijiji ili apate mengi ya hayo. Aliyatoa kichwani mwake, akiwa amekaa katika chumba cha kupanga mjini Vienna, akikumbuka nyumba iliyokwisha kuwa majivu.

Hapo ndipo maana ya nyumba ya Tršić inapogeuka. Kwa kawaida nyumba ya mwandishi huhifadhiwa ili wasomaji wa vitabu vyake waone vitabu vilitoka wapi. Kwa Vuk mambo yalikwenda kinyumenyume: kitabu ndicho kilichohifadhi nyumba, kisha, zaidi ya karne moja baadaye, nyumba ikajengwa tena.

Kamusi hiyo ilikuwa na maneno mengine pia, yale ambayo watu wazima huyasema na kuyakana. Vuk aliyaweka yote, na matusi yake, pamoja na fasili za Kilatini zisizozunguka. Ghadhabu iliyozuka ilikuwa kubwa kuliko ile ya herufi j. Mapadri waliokuwa wakitafuta sababu ya kukilaani kitabu wakaipata bila kufunua sana. Hoja ya Vuk ilikuwa kwamba kamusi ni daftari la lugha, si la adabu. Lakini toleo la pili lilipotoka mwaka 1852, likiwa na maneno zaidi ya 47,000 na mkono wa mwanafunzi wake Đuro Daničić ndani yake, maneno hayo hayakuwamo. Kila mtunga kamusi hukutana na mlango huo, na wengi hupita kama yeye: ujanani wanaingiza, uzeeni wanaondoa.

Nje ya nchi yake sifa zilimfikia mapema. Nyimbo alizozikusanya zilimvutia Jacob Grimm, ambaye mwaka 1824 aliitafsiri sarufi yake kwa Kijerumani. Goethe alimpokea Weimar, na Chuo Kikuu cha Jena kilimtunuku shahada ya udaktari mwaka 1823, mtu ambaye hakumaliza shule yoyote. Sifa zenyewe walizistahili zaidi waimbaji aliowaandika. Mwaka 1815 alikaa katika monasteri ya Šišatovac na kuandika kutoka vinywani mwa Tešan Podrugović, mpiganaji wa zamani wa msituni aliyekuwa akiuza matete kujipatia riziki, na Filip Višnjić, kipofu aliyetunga tenzi za maasi ambayo yalikuwa bado yanavuja damu. Kuna wanawake vipofu pia miongoni mwa watambaji wake. Kwa heshima yake, Vuk aliwataja kwa majina na kueleza walivyokuwa, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa zama zake hawakulijali. Kwa upande mwingine, alichagua na kusafisha. Diwani zake si kanda ya kinasa sauti.

Nyumbani kwake Vienna mambo yalikuwa magumu. Mwaka huohuo wa kamusi alimwoa Anna Kraus, binti wa mji huo, Mkatoliki. Watoto walizaliwa na kufa mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa kwa Jegda wa Tršić. Wawili tu, Mina na Dimitrije, ndio waliowazika wazazi wao. Vitabu havikuuzwa vya kutosha, madeni yalilimbikizana, na kitulizo kikubwa kilikuwa pensheni ndogo kutoka Urusi aliyoanza kuipata mwaka 1826. Mina alikua akawa mchoraji, akazitafsiri kwa Kijerumani hadithi alizozikusanya baba yake. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1854 kikiwa na dibaji ya Grimm.

Serbia, ambayo wakati huo ilikuwa imepata mamlaka ya ndani chini ya Mwanamfalme Miloš Obrenović, haikuwa na nafasi naye. Miloš hakujua kusoma wala kuandika. Vuk alijaribu kumfundisha, akafanya kazi katika tume ya sheria, akashika hata uongozi wa baraza la mji wa Belgrade mwaka 1831, lakini hawakuwezana. Mwaka 1832, akiwa amekwisha kuvuka mpaka, alimwandikia Miloš barua ndefu akimweleza waziwazi kwamba watu wamechoka na udhalimu wake. Mwaka huohuo uchapaji wa vitabu kwa tahajia ya Vuk ulipigwa marufuku nchini Serbia. Mtu aliyeipa nchi yake alfabeti akawa hawezi kuchapa humo hata kurasa moja kwa alfabeti hiyo.

Kisa cha herufi h ni kidogo, lakini walimu wa isimu wangefanya vyema kukitumia. Katika kamusi ya mwaka 1818 sauti h haimo. Sababu ni rahisi: kwao Tršić haikutamkwa, na kanuni ilikuwa kuandika kinachosemwa. Wapinzani wake walimcheka. Miaka ya 1830 Vuk alisafiri kusini, akafika Dubrovnik na Montenegro, na huko akawasikia watu wasiosoma wakiitamka h waziwazi katika maneno yale yale. Hakubishana na masikio yake. Mwaka 1836, alipochapisha mkusanyiko wa methali mjini Cetinje, aliiingiza herufi hiyo na kuitumia tangu hapo. Hakuwa ameiacha kanuni. Alikuwa ametambua kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuisemea lugha nzima.

Historia ya Kiswahili ina swali hilohilo, ingawa lilijibiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa kando. Walioamua wengi wao walikuwa maofisa na wamisionari ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kwa Waserbia, aliyeamua alikuwa mtoto wa wachunga mbuzi, na alipigana miaka 50 dhidi ya wasomi wa kwao wenyewe.

Ushindi ulianza kuonekana mwaka 1847. Mwaka huo Vuk alichapisha Vienna tafsiri yake ya Agano Jipya kwa lugha ya watu, Daničić akatoa kitabu cha kuitetea tahajia mpya kwa hoja za kitaalamu, na kijana Branko Radičević akatoa mashairi yaliyoonesha kwamba lugha ya mkulima yaweza kubeba mapenzi na huzuni za mtu wa mjini bila kuteguka. Hoja za Daničić ziliwanyamazisha wasomi. Mashairi ya Radičević yaliwavuta vijana. Mwaka 1850 Vuk na Daničić walikutana na waandishi wa Kikroatia mjini Vienna, nao wakatia sahihi makubaliano ya kuwa na lugha moja ya maandishi itakayojengwa juu ya lahaja ya kusini, ileile ambayo wazee wake walihama nayo kutoka milimani.

Usingekuwa uaminifu kulipitia jina la Vuk bila kutaja makala yake ya mwaka 1849, ambamo aliwahesabu kuwa Waserbia watu wote waliozungumza lahaja ya Kištokavi, wawe Waorthodoksi, Wakatoliki au Waislamu. Kwa mwanaisimu wa wakati wake lilikuwa wazo la kawaida: lugha ndiyo taifa. Kwa Wakroatia na Waislamu wa Bosnia lilikuwa dai juu yao wasilolitoa wenyewe, na wanasiasa wa baadaye walilitumia kwa namna ambazo mtunga kamusi hakuziona. Sikio lililokuwa makini kiasi cha kubadili msimamo kwa ajili ya h halikuwasikia watu walipojitaja wao ni nani.

Alifariki Vienna mwaka 1864, akazikwa huko huko. Miaka minne baadaye, mwaka 1868, serikali ya Serbia iliondoa vikwazo vilivyosalia na kuipokea rasmi tahajia yake. Herufi zake 30 zilipita zote, j ikiwamo. Lahaja yake haikupita. Belgrade iliandika kwa matamshi yake yenyewe, hivi kwamba maziwa, ambayo kwa lahaja ya Vuk ni mlijeko, katika vitabu vingi vya Serbia huandikwa mleko. Kanuni yake ya kuandika unavyosema ndiyo iliyowapa haki ya kumkataa katika hilo.

Mwaka 1897 mabaki yake yaliletwa Belgrade na kuzikwa mbele ya kanisa kuu, kando ya Dositej Obradović. Kanisa ambalo viongozi wake walimpiga vita kwa herufi moja sasa ndilo lenye kaburi lake mlangoni. Tršić ilisubiri mpaka mwaka 1933, nyumba ya magogo ilipoinuliwa tena, na tangu mwaka huo watu hukusanyika kijijini kila Septemba kwa mkutano wenye jina lake, wakipanda mteremko uleule pamoja na waimbaji, washairi na wanafunzi. Wanafunzi ndio wengi zaidi nje ya msimu huo. Huingia kwa makundi, wakainama mlangoni, wakatazama meko, na mwalimu huwaonesha kitu kimojakimoja na kukitaja jina. Kuna majina ambayo hawajapata kuyasikia majumbani mwao, kwa kuwa vyombo vyenyewe havipo tena. Kamusini yangali yamo.